UZI: Kelele za kampeni Nairobi, na nani hulipia spika

1/ Wadau, kampeni zikianza Nairobi mjadala huwa ni ule ule. Mmoja anasema, "Hizi kelele zipigwe marufuku, watu wana kazi." Mwingine anajibu na picha ya umati: "Hapa tumemaliza, imebaki kuhesabu tu." Nadhani wote wawili wanakosea, na historia ya huu mji inaonyesha ni kwa nini. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende.

2/ Unaijua hii picha. Saa mbili asubuhi, Jogoo Road. Lori lenye spika za kutisha linatambaa, nyuma yake msururu wa boda boda zinapiga honi, vijana wamekaa juu ya magari, tisheti zinarushwa. Matatu zimekwama. Mama mboga ameacha kuuza kwa sababu hasikii mteja anataka sukuma ya ngapi. Kukasirika ni haki yako. Lakini kabla useme "wanyamazishwe", jua kwamba Nairobi ishawahi kunyamazishwa.

3/ Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mwaka 1955 iliwaruhusu Waafrika kuunda vyama tena, lakini vya wilaya wilaya tu, ndio watu wa Nairobi, Kisumu na Mombasa wasiongee kwa sauti moja. Machi 1957 Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Hata hapo kura haikuwa ya kila mtu: ulipimwa kwa elimu, mapato na mali, na mwenye sifa nyingi angeweza kuwa na kura hadi 3.

4/ Uhuru ukaja 1963, lakini mikutano ya hadhara ikaendelea kusimamiwa na sheria ya mkoloni. Kukutanisha watu kulihitaji leseni kutoka kwa ofisa wa utawala. Sasa kama unataka kumkosoa bosi wake, leseni utaipata wapi? Mkutano ambao kila mtu aliujua vizuri ulikuwa baraza la chifu: chifu anaongea, wananchi wanapiga makofi. 1982 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. 1988 mchujo ukafanywa kwa mlolongo: unapanga foleni nyuma ya unayemtaka, mchana kweupe, kila mtu anakuona.

5/ Halafu ikaja Saba Saba, 7 Julai 1990. Watetezi wa vyama vingi waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji. Leseni ikakataliwa, na baadhi yao wakawekwa kizuizini kabla ya siku yenyewe. Watu wakaenda tu. Polisi wakawatawanya, vurugu zikasambaa kwa siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 wakauawa. Kipindi hicho hicho polisi walikuwa wanakamata wauzaji wa kaseti za nyimbo zilizodaiwa kuwa za uchochezi, zile abiria walikuwa wanazisikia kwenye matatu. Yaani muziki wa matatu ulikuwa kesi.

6/ Leo wanafunzi wa chuo wakiitana mkutano wa haraka wanasema "kuna kamukunji". Wabunge nao hutumia neno hilo hilo. Jina la uwanja mmoja pale karibu na Gikomba limekuwa jina la mkutano wowote wa watu kuongea wazi. Baraza linaitwa na chifu. Kamukunji mnajiitia wenyewe.

7/ Desemba 1991 kipengele cha chama kimoja kikafutwa. Januari 1992 upinzani ukarudi Kamukunji, safari hii kwa ruhusa, na uwanja ukafurika. Lakini leseni ilikuwa bado ipo. Ni mageuzi ya mwisho wa 1997 ndiyo yaliigeuza kuwa taarifa tu: unawaarifu polisi kati ya siku 3 na 14 kabla ya mkutano. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, ikaufanya mkutano wa amani bila silaha kuwa haki yako.

8/ Hapa ndipo mtu wa "zipigwe marufuku" anapokosea. Marufuku haikuwahi kumnyamazisha mwenye serikali. Yeye alikuwa na redio ya taifa na chifu kila lokesheni. Stesheni ya kwanza ya FM ya kibinafsi ilikuja 1996. Kabla ya hapo, asiye na serikali alikuwa na uwanja na spika, basi. Redio zilipofunguka, mambo yakabadilika: 2002, Unbwogable ya Gidi Gidi Maji Maji, wimbo wa vijana wawili wa hip hop, ulitoka redioni na kwenye matatu ukawa ndio wimbo wa mikutano ya upinzani.

9/ Tusidanganyane pia, kelele si takatifu. Kampeni za 2007 zilikuwa na matamshi ya chuki, na zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi. Ndiyo maana 2008 tukapata sheria ya uwiano na utangamano inayoadhibu matamshi hayo. Lakini kumbuka pia kwamba 30 Desemba 2007 serikali ilizima matangazo ya moja kwa moja, na siku chache baadaye polisi wakaizingira Uhuru Park watu wasikutane. Kimya hicho hakikutuletea amani.

10/ Sasa wewe wa "angalia umati". Zamani swali lilikuwa nani ana leseni. Siku hizi ni nani ana pesa. Lori, mafuta ya boda boda, tisheti, mia mbili ya kila kijana: kuna mtu amelipa, na hakulipa kwa upendo. Uchaguzi wa 1992 pesa zilimwagwa kweli kweli, na mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukapita asilimia 40. Waliopewa unga wakati wa kampeni waliulipia dukani baadaye.

11/ Sheria ya kudhibiti fedha za kampeni ilipitishwa 2013. Ikasimamishwa kabla ya uchaguzi wa 2017. 2021 tume ya uchaguzi ikaweka viwango vya matumizi, na Bunge likavikataa. Tukaingia 2022 bila kikomo chochote. Waliokataa ni watu waliokuwa wanajiandaa kugombea.

12/ Na je, kelele zilileta kura? 2022 tulikuwa na wapiga kura zaidi ya milioni 22 kwenye daftari. Karibu milioni 8 hawakujitokeza. Idadi ya waliojitokeza ilishuka hadi karibu asilimia 65, kutoka zaidi ya 80 mwaka 2013. Viwanja vilijaa hivyo hivyo. Mtu anaweza kuhudhuria mikutano ya wagombea watatu wiki moja, akabeba tisheti tatu, na siku ya kura akalala.

13/ Kwa hivyo tuombe nini? Si marufuku. 2022 muda wa kampeni ulikuwa saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Masaa kama hayo yafuatwe, hata na mwenye msafara mrefu. Sheria ya fedha ifanye kazi kabla ya kampeni kuanza. Lori likipita kwenu, usiishie kuuliza linapiga wimbo gani. Uliza mafuta yake yamelipwa na nani, na atadai nini akishaingia ofisini.

14/ Watu waliuawa kwa sababu ya mkutano Kamukunji. Huo uwanja tusiurudishe kwa mwenye leseni, na tusimuuzie mwenye lori. Mtaani kwenu, spika za mara ya mwisho zililipiwa na nani?