Mswada wa Awali Wenye Tabaruku kama Chanzo cha Historia: Kisa cha Tamthilia ya Muziki ya Oklahoma!

Utangulizi

Makala hii inajadili nafasi ya mswada wa awali wa tamthilia ya muziki, hasa ule uliotiwa saini na tabaruku, katika utafiti wa historia. Kwa mkusanyaji, thamani ya mswada huo hutokana na mkono ulioutia saini. Kwa mwanahistoria, thamani yake imo katika mambo ambayo kitabu kilichochapwa baadaye kiliyaacha. Inadaiwa hapa kwamba thamani hizo mbili hutegemeana, na kwamba sera ya nyaraka inayopuuza mojawapo hupoteza ushahidi.

Kutoka New Haven hadi New York

Tamthilia ya Richard Rodgers na Oscar Hammerstein II ilioneshwa kwanza mjini New Haven, Marekani, tarehe 11 Machi 1943 kwa jina la Away We Go! Baada ya maonesho ya majaribio mjini Boston, ilizinduliwa New York tarehe 31 Machi kwa jina la Oklahoma!, ikaendelea kwa maonesho 2,212. Katika siku hizo 20 wimbo mmoja wa mapenzi uliondolewa, na wimbo uliobeba jina jipya ukapangwa upya uimbwe na kundi zima.

Badiliko hilo la jina lilikuwa na uzito. Chanzo cha kazi hiyo ni tamthilia ya mwaka 1931 ya Lynn Riggs, mwandishi mwenye asili ya Kicherokee, aliyezaliwa mwaka 1899 katika Indian Territory, eneo walikohamishiwa Wenyeji wa Asili. Mwishoni mwa tamthilia ya Riggs, wakazi wanaizungumzia Marekani kama nchi ya kigeni. Eneo hilo liliingizwa katika jimbo la Oklahoma mwaka 1907, na jina jipya likaiweka mbele shangwe ya kuzaliwa kwa jimbo. Mswada wenye jina la zamani huonesha kwamba mkazo huo ulikuwa uamuzi wa siku za mwisho za matayarisho.

Tabaruku na nasaba ya mswada

Miswada ya mazoezi ilipigwa taipu, ikarudufishwa na kugawiwa waigizaji, waongozaji na wanamuziki. Ilisahihishwa kwa kalamu, na mara nyingi ilitupwa kazi ilipokwisha. Kwa kuwa nakala nyingi hazina tarehe, tabaruku husaidia: hutaja mtoaji na mpokeaji, na huanzisha nasaba ya umiliki inayoweza kufuatiliwa. Nakala ya mwigizaji, kwa mfano, huweza kuonesha maneno yaliyotamkwa jukwaani kweli. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Tabaruku huweza kuandikwa miaka mingi baadaye. Tarehe yake ni ya zawadi, si ya matini. Kwa hiyo karatasi, jina la kazi na orodha ya nyimbo hazina budi kulinganishwa kabla ya hukumu yoyote kutolewa.

Funzo kwa sera

Nakala inayonunuliwa mnadani na mtu binafsi huweza kutoweka machoni mwa watafiti. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1843 ilitaka tamthilia mpya ziwasilishwe kwa Lord Chamberlain kabla ya kuoneshwa, utaratibu uliokoma mwaka 1968. Miswada hiyo sasa imo katika Maktaba ya Uingereza: chombo cha udhibiti kiligeuka hazina ya historia.

Afrika Mashariki nayo ina sababu ya kulizingatia jambo hili. Mwaka 1982 Maitũ Njugĩra, tamthilia ya muziki ya Ngũgĩ wa Thiong'o, haikuruhusiwa kuoneshwa katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi. Umma uliitazama katika mazoezi ya Chuo Kikuu cha Nairobi hadi yalipozuiwa. Kwa kazi ya namna hiyo, mswada wa mazoezi si nyongeza ya kitabu. Ndio ushahidi mkuu.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba hifadhi za nyaraka na vyuo vikuu vipokee kutoka kwa vikundi vya sanaa nakala moja ya kila mswada wa mazoezi, yenye tarehe. Tabaruku na masahihisho yaorodheshwe pamoja na matini, na wamiliki binafsi waombwe kuruhusu nakala za kidijitali bila kupoteza umiliki wao. Mkusanyaji ataendelea kuithamini saini, na mtafiti atapata maneno yaliyofutwa.