Kasoro ya usalama katika programu: Ihakiki kabla ya kuitolea taarifa

MTU anayeshuku kuwa programu ya kompyuta ina kasoro ya usalama hana budi kuihakiki kabla ya kumpelekea mtengenezaji taarifa. Kasoro hiyo ni kosa linalompa mtu asiye na ruhusa nafasi ya kusoma, kubadili au kufuta taarifa za wengine. Programu kukwama ghafla, peke yake, si ushahidi wa kutosha.

Njia ya kale ya misafara, iliyopita Tabora hadi Ujiji, imeacha mfano wa jambo hili. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walishindwa kufika mahali Mto Rusizi unapokutana na Ziwa Tanganyika, ingawa wenyeji waliwaambia kuwa mto huo unaingia ziwani. Hata hivyo, mwaka 1864 Burton alidai kuwa unatoka ziwani na kuelekea Nile. Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley walifika hapo kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona maji yakiingia ziwani. Machi 1872, Stanley aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, akiwa na nyaraka za Livingstone.

Kwa programu, kufika mtoni ni kuijaribu mwenyewe, kwa hatua hizi:

1. Hakikisha unatumia toleo jipya. Huenda kasoro imekwisha kurekebishwa.

2. Soma mwongozo; huenda programu imekusudiwa kufanya hivyo.

3. Rudia jaribio katika kompyuta nyingine iliyo yako.

4. Pima madhara. Ikiwa jambo hilo linahitaji nenosiri la msimamizi, ambaye tayari ana mamlaka yote, kwa kawaida hakuna mpaka uliovukwa.

5. Andika kila hatua ili mwingine aweze kuirudia.

Jaribio lisifanywe katika mfumo wa benki, shule au ofisi bila idhini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta isivyo halali.

Mwaka 2024 Daniel Stenberg, mwanzilishi wa programu ya curl, alilalamikia taarifa za uongo zilizotungwa kwa akili mnemba. Kila moja hula muda wa mtaalamu, na ile ya kweli hukawia kusomwa.

Kasoro iliyothibitika ipelekwe kwa mtengenezaji kwa siri, ili airekebishe kabla wahalifu hawajaijua.