Fuvu Lililorudi Kalenga, na Majina Yetu Yasiyorudi

Ndugu wana-Katavi, ukifika Iringa usipite bila kuingia makumbusho ya Kalenga. Humo limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, lililokaa ugenini zaidi ya miaka hamsini.

Mkwawa aliwashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Baadaye aliwindwa porini miaka mingi. Julai 1898, alipoona wamemkaribia, alijipiga risasi ili asishikwe akiwa hai. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa kwa Kapteni Tom von Prince, kisha kikasafirishwa Ujerumani.

Jina lake liliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919: kifungu cha 246 kiliwapa Wajerumani miezi sita kulikabidhi fuvu hilo. Miezi ikapita, na miaka pia. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu karibu 2,000. Yaliyotoka upande wetu yalipimwa, yakalinganishwa na vipimo vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Wapo wataalamu wenye mashaka kama ndilo lenyewe. Familia ililipokea.

Halafu mwaka 2014 likarudi jino. Lilikuwa limetunzwa na ukoo wa yule yule Prince, aliyeuawa vitani Tanga Novemba 1914. Wajukuu wa adui walilirudisha kwa sababu walijua ni la nani.

Sasa tuje kwetu. Liemba, tunayoijua toka utotoni, ilikuwa meli ya vita ya Wajerumani. Waliizamisha wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Kila tarehe yake imeandikwa. Lakini mizigo ya vita ile ilibebwa vichwani na wapagazi, na wengi walikufa kwa njaa na kuhara huko porini. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, haina jina la hata mmoja wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hata likipatikana kesho sanduku la medali huko Ulaya, litarudishwa kwa nani Karema, Inyonga au Usevya? Ndugu wa Mkwawa walikuwepo wa kupimwa. Sisi tuna wazee wachache waliosikia majina hayo kwa baba zao, na kila masika tunazika baadhi yao.

Kwa hiyo, pamoja na mchango wako wa mwaka huu, njoo mkutanoni na daftari. Andika jina la babu aliyechukuliwa upagazi, au aliyekwenda Keya akapigana Burma, jina la baba yake, na kijiji alichotoka. Mwenye medali au cheti cha jeshi sandukuni asikiache kwetu. Alete tukipige picha, aondoke nacho.