John Kani, mkalimani wa jukwaani

Bosi wa Kizungu anawatangazia wafanyakazi kwamba Henry Ford wa Pili anakuja kutembelea kiwanda chao cha magari, Port Elizabeth. Kibarua mweusi, Styles, anaagizwa atafsiri. Naye anatafsiri, ila kwa namna yake: maneno ya bosi yanawafikia wenzake yakiwa kijembe, na majibu yao makali yanamrudia bosi yakiwa yamepakwa asali. Kila upande unaridhika. Mwigizaji anayetoa sauti zote hizo ni mmoja, John Kani.

Ndivyo unavyoanza mchezo wa Sizwe Banzi Is Dead, uliofunguliwa Oktoba 1972 katika ukumbi wa The Space, Cape Town, Afrika Kusini. Kani aliuandika pamoja na mwigizaji mwenzake Winston Ntshona na mwandishi Mzungu Athol Fugard, na kisa cha Ford hakukiokota mbali. Alishawahi kufanya kazi kiwandani humo. Kitabu kilichochapishwa ni cha Kiingereza, lakini kiini cha tukio lile kimo katika lugha ambayo bosi haisikii. Kwa maoni yangu, huo ndio ufunguo wa kazi yote ya Kani, ya jukwaani na ya filamu.

Alizaliwa mapema miaka ya 1940 huko New Brighton, kitongoji cha Waafrika cha Port Elizabeth, akakua na Kixhosa. Shuleni alimsoma Julius Caesar katika tafsiri ya Kixhosa ya B. B. Mdledle. Amesimulia mara nyingi kwamba alipokuja kukisoma kitabu cha Kiingereza, alimwona Shakespeare amepwaya. Ni utani, bila shaka, ingawa wasomaji wa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo huohuo, ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963, wanaweza kumwelewa.

Mwaka 1965 alijiunga na Serpent Players, kikundi kilichochukua jina la nyoka kwa sababu ukumbi wa kwanza waliotaka kuutumia ulikuwa shimo la nyoka la makumbusho ya zamani. Mchana kazi ya ajira, usiku mazoezi. Sheria za makaburu hazikumtambua Mwafrika kama mwigizaji, kwa hiyo kwenye vipande vyao Kani na Ntshona waliandikishwa kuwa watumishi wa nyumbani wa Fugard. Watumishi hao walikwenda London na Sizwe Banzi pamoja na The Island, mchezo wa wafungwa wawili wa Kisiwa cha Robben, kisha New York. Mwaka 1975 wakapewa Tuzo ya Tony ya mwigizaji bora, moja kwa wote wawili.

Nyumbani mapokezi yalikuwa mengine. Mwaka huohuo polisi walimpiga Kani wakamwacha wakidhani amekufa. Jicho la kushoto likaharibika, na hadi leo anavaa la bandia. Mwaka 1976 yeye na Ntshona walikamatwa Transkei kwa ajili ya Sizwe Banzi, wakaachiliwa baada ya kelele za dunia nzima. Sishangai kwamba ilikuwa Transkei. Nchi ya Waxhosa ilikuwa karibu kupewa uhuru wa bandia, na watazamaji wa pale hawakuhitaji mkalimani.

Katika ukumbi wa Market, Johannesburg, mwaka 1987 alikuwa Othello chini ya uongozi wa Janet Suzman. Mwafrika kumbusu Desdemona wa Kizungu mbele ya watazamaji kuliwaudhi baadhi yao, na hayo yalishamkuta katika mchezo wa Miss Julie miaka miwili nyuma, watu walipoinuka na kutoka.

Filamu zilimpa jina kubwa zaidi kuliko nafasi. Mwaka 1996 alikuwa Samuel katika The Ghost and the Darkness, kisa cha simba wala watu wa Tsavo, ambacho kwa kejeli kilipigwa picha Afrika Kusini. Lakini alipoitwa kuwa Mfalme T'Chaka katika Captain America: Civil War ya mwaka 2016, alifanya jambo lake la zamani. Maneno ya mfalme na mwanawe yalikuwa ya Kiingereza. Yeye akapendekeza wazungumze Kixhosa, na Chadwick Boseman, aliyeigiza mwana huyo, akajifunza mistari yake. Kuanzia hapo Kixhosa kikawa lugha ya Wakanda, ufalme wa kubuni wa T'Chaka. Mwana wa Kani, Atandwa, akaigiza T'Chaka kijana katika Black Panther, na mwaka 2019 Kani akawa sauti ya Rafiki katika The Lion King.

Mwaka huohuo alirudi jukwaani Stratford na mchezo aliouandika mwenyewe, Kunene and the King. Antony Sher alikuwa mwigizaji Mzungu anayekufa kwa saratani huku akijiandaa kuwa King Lear. Kani alikuwa muuguzi wake, mzee ambaye Shakespeare pekee anayemjua ni Julius Caesar wa shuleni. Na anapoombwa aonyeshe anachojua, anaghani hotuba ya Mark Antony kwa Kixhosa.