Gari la mbio lililojifunza kuvuka maji

NYUNZU – Wakati wa mvua, dereva anayetoka Kalemie kuja Nyunzu anajua jambo moja: barabara haiulizi injini ina nguvu gani, inauliza kama gari litafika. Somo hilo lilionekana zamani katika Safari Rally, mashindano ya magari yaliyoanza mwaka wa 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania bara.

Miaka ya 1980, Toyota ilileta Celica, gari la michezo la milango miwili lenye turbo. Turbo inatumia moshi wa injini kuzungusha feni inayosukuma hewa nyingi ndani. Nguvu inaongezeka, na joto pia.

Lakini nguvu peke yake haikutosha. Mafundi waliinua gari, wakaimarisha resori, wakafunga vyuma mbele kwa ajili ya wanyama. Baadaye bomba la hewa lilipandishwa kando ya kioo, injini isinywe maji.

Celica ya turbo ilishinda 1984, 1985 na 1986. Mwaka wa 1993 Juha Kankkunen alifika wa kwanza, na Celica nyingine tatu zikamfuata.

Kwa wenye magari na pikipiki zinazobeba wagonjwa, mihogo na familia zinazorudi vijijini, hesabu ni ileile. Pesa ikiwa kidogo, ianze na breki, matairi, resori na chujio la hewa. Nguvu ije mwisho. Mama aliyekimbia vita hatafuti mbio, anatafuta kufika.