Kisu, Kijembe na Jambia: Msamiati wa Chuma cha Kiunoni katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Katika mijadala kuhusu asili ya utamaduni wa Waswahili, hoja moja imerudiwa mara kwa mara: kwamba kila kilicho cha fahari katika mwambao kililetwa na wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Jambia, silaha yenye makali yaliyopinda na ala ya mapambo, hutolewa kuwa mfano wa hoja hiyo. Mhadhara huu unakusudia kuitathmini hoja hiyo kwa kuchunguza majina ya visu ambavyo watu wa mwambao walivibeba katika maisha yao ya kila siku, kwani aghalabu jina hudumu hata chuma chenyewe kinapoliwa na kutu.

Ushahidi wa maandishi ni wa kale. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha mwongozo wa biashara kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, kinataja bidhaa zilizopelekwa katika pwani hii, ambayo soko lake la mwisho lilikuwa Rhapta. Miongoni mwake mlikuwa na mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, pamoja na mashoka na visu vidogo. Kwa upande mwingine, akiolojia imebaini masalia ya ufuaji wa chuma katika makazi ya mwambao ya milenia ya 1 BK, na mwanajiografia al-Idrisi, katika kazi aliyoikamilisha mwaka 1154, aliitaja Malindi kuwa mahali pa kuchimbwa chuma. Hivyo basi, visu viliagizwa na vilevile vilifuliwa papa hapa. Biashara peke yake haiwezi kuamua ni nani mwenye kisu. Lugha inaweza kusaidia.

Msamiati wa kisu cha kazi ni wa Kibantu. Kisu, upanga, mpini, makali na kitenzi noa havikuazimwa kutoka Uarabuni. Neno ala linahitaji uangalifu zaidi. Lipo ala lenye maana ya chombo au zana, ambalo asili yake ni Kiarabu. Lakini ala ya kuwekea kisu ina wingi wa kale, nyala, uliorekodiwa na Steere katika karne ya 19. Wingi huo unafuata kanuni ya ngeli ya Kibantu ileile inayotupa wembe na nyembe. Kwa mantiki hiyo, maneno hayo mawili yamefanana kwa sura tu. Hayana nasaba moja.

Majina ya silaha ya heshima ndiyo yaliyotoka Uarabuni, na hata hapo njia yake si ile inayodhaniwa na wengi. Waomani huiita silaha hiyo khanjar. Wayemeni huiita janbiya, neno litokanalo na janb, yaani ubavu. Kiswahili kimeyapokea yote mawili, hanjari na jambia. Hata hivyo, ingawa Sayyid Said bin Sultan (1806–1856) aliihamishia Unguja makao yake kutoka Maskati, na ukoo wake ukatawala huko hadi Mapinduzi ya Januari 1964, neno lililokita mizizi ni jambia, lenye wingi majambia, ilhali hanjari limebaki adimu. Laiti msamiati ungefuata dola, hali ingekuwa kinyume. Yaelekea, basi, kwamba jambia lilipita katika mikono ya mabaharia, wafanyabiashara na masharifu wa Hadhramaut, ambao uhusiano wao na Lamu, Mombasa na Unguja ulikuwa wa karibu sana.

Aidha, desturi ya kuionyesha silaha kuwa alama ya cheo haikusubiri utawala wa Waomani. Msafara wa Vasco da Gama ulipofika Malindi mwaka 1498, mwandishi wake alimwona mzee aliyemfuata mfalme akiwa amebeba upanga mfupi wenye ala ya fedha. Leo hii jambia limeacha kuwa vazi la kila siku la waungwana, lakini bwana harusi wa Lamu au Mombasa bado huweza kuonekana nalo, amevaa joho na kilemba.

Kisu kidogo cha kutiwa mfukoni kina historia nyenyekevu zaidi. Kijembe, umbo dogo la jembe, kilitaja kisu kidogo. Shina lake -embe laelekea kuwa ndilo lililomo katika wembe. Chuma hicho kilipopungua matumizi, jina lilihamia katika maneno. Kumpiga mtu vijembe ni kumkata kwa mafumbo bila kumwaga damu, na fani hiyo imestawi katika taarabu na katika misemo ya kanga.

Lakini jambia liliacha pia jeraha lisilo la mafumbo. Nchini Yemen mpini uliothaminiwa kuliko yote ulitengenezwa kwa pembe ya kifaru, ambayo Kiswahili huiita kipusa. Mahitaji hayo yalipopanda katika miaka ya 1970, faru weusi wa Kenya, waliokadiriwa kufikia 20,000 mwaka 1970, walipungua hadi chini ya 400 kabla ya 1990. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku uagizaji wa pembe hizo mwaka 1982. Kijana wa leo anayemwita msichana mrembo kipusa hutamka, pasipo kujua, jina la bidhaa ya thamani iliyonusurika kummaliza mnyama.

Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wa khanjar ya Oman, pamoja na desturi zake, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Uamuzi huo unatoa funzo kwa wakusanyaji wa visu na kwa watunga kamusi pia. Jambia lililotundikwa ndani ya kabati la kioo, likiwa halina majina ya sehemu zake, ni chuma na fedha tu. Vivyo hivyo, kamusi inayofasili hanjari, jambia na kijembe kwa neno moja, "kisu", hufuta safari tatu tofauti. Waswahili hawakupewa kisu. Walichopokea ni namna mojawapo ya kukivaa, nao wakaipa jina walilolichagua wenyewe.