Ngoma Isiyosikika: Historia Fupi ya Dramu za Umeme

Kama mmeona kimya wiki mbili hizi, sababu ni moja: kila jioni nikimaliza kuandika programu, navaa hedifoni na kupiga dramu za umeme hapa nyumbani Kianjokoma. Jirani yangu ni mama anayeamka alfajiri kwenda kuchuma majani chai, kwa hiyo kelele za saa nne usiku hazifai. Leo tuangalie vifaa hivi vilitoka wapi.

Tuanzie kwetu. Ukivuka Mto Thuci kutoka upande huu wa Embu, unaingia kwa Wachuka, watu wenye sifa ya kupiga ngoma. Mpigaji huibana ngoma ndefu katikati ya mapaja, akawa anacheza huku anaipiga. Mkono ukigusa ngozi, sauti inatoka papo hapo na walio mbali wanaisikia. Pigo na sauti ni kitu kimoja.

Dramu za umeme zilikuja kutenganisha hivyo viwili. Kule Uingereza, Graeme Edge wa bendi ya The Moody Blues alirekodi na seti ya majaribio mwaka 1971. Mwaka 1976 Joe Pollard wa Marekani akaja na Syndrum. Mwaka 1981 ikatoka Simmons SDS-V, yenye pedi za pembe sita. Ilipendwa sana, lakini pedi zilikuwa ngumu kama meza na wapigaji wakalalamika kuumwa mikono.

Mwaka 1983 ikaja MIDI, lugha ya vyombo vya muziki kuzungumza na kompyuta. (Hapa ndipo mimi huchangamka!) Chini ya pedi kuna kipande chembamba kinachozaa umeme kidogo kikitikiswa. Mashine inaupima umeme huo na kutuma baiti tatu: ya kwanza inasema "piga", ya pili inataja ngoma gani, ya tatu inaeleza nguvu ya pigo kwa namba isiyozidi 127. Kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe mzima unachukua takriban milisekunde moja. Tangu utaratibu wa General MIDI wa mwaka 1991, namba 36 ni ngoma ya besi na 38 ni snea. Nikiunganisha seti yangu na kompyuta naona "38, 92". Jasho langu lote limekuwa namba mbili!

Mwaka 1997 Roland wakatoa V-Drums TD-10, yenye nyuso za wavu uliokazwa kama ngozi. Kijiti kinaruka vizuri na chumbani husikii kelele kubwa. Hapo ndipo kupiga dramu ndani ya nyumba kukawa jambo la raha.

Au nilidhani hivyo. Asubuhi moja yule mama akaniuliza, "Kijana, jana usiku ulikuwa unatwanga nini?" Kumbe ni kanyagio la besi! Hedifoni inaficha sauti, lakini mguu bado unatikisa sakafu. Niliweka mipira ya tenisi kati ya mbao mbili, nikapandisha kanyagio juu yake. Mtikisiko umepungua sana.

Nilimkaribisha aone. Nikamvisha hedifoni nikapiga kidogo. Akatabasamu, mguu ukaanza kucheza. Kisha akaivua na kuuliza, "Ni nzuri, lakini wengine watachezaje?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hii wahandisi wamehangaika kuifanya ngoma isimsumbue jirani, na wamefaulu. Ila kwa Wachuka ngoma ilipigwa ili jirani aje. Mazoezi ya usiku nitaendelea nayo, maana bila hedifoni nisingejifunza kabisa. Lakini Jumamosi mchana nachomoa hedifoni na kuchomeka spika, mlango wazi. Umeme usipopotea, mama amesema atakuja na wenzake.

Tukutane wiki ijayo, wadau.